UZI: Tunaopiga picha maua ya nyumbani, tujadili engo na mpangilio (wa simu na wa kamera wote karibuni)

#1 Shamba Dogo (mleta uzi)

Habari za wakati huu wakuu.

Naona watu wengi wanatupia picha za maua ya bustani zao, maua yametunzwa vizuri kabisa, mtu kahangaika na mbolea na maji miezi na miezi, lakini picha inatoka kama ya kitambulisho. Mtu kasimama wima, kainamisha simu, kabonyeza, kaondoka. Ua linaonekana limelala huko chini, nyuma yake ndoo, mpira wa maji, ukuta na ndala za mtu. Halafu lawama zote anatupiwa simu. Simu mara nyingi haina kosa wakuu, tatizo ni pale uliposimama.

Ninachotaka kukisema hapa ni kimoja tu: usichague engo kwa mazoea, lisome ua kwanza. Kila ua limeumbwa kivyake na umbo lake ndio linakwambia ukae upande gani, ushuke kiasi gani na ufokasi wapi. Nitatoa mifano ya maua ambayo wengi wetu tunayo nyumbani ili tuelewane.

Tuanze na haibiskasi, ile nyekundu ya kwenye fensi ambayo kila mtaa ipo. Ina petali tano pana, na katikati inachomoza fimbo ndefu iliyozungukwa na chavua za njano, na kule nchani kabisa kuna vidoti vitano vyekundu vidogo. Sasa ukilipiga uso kwa uso ile fimbo inakuelekea wewe, ukifokasi kwenye petali ncha inakuwa ukungu, ukifokasi kwenye ncha petali zinapotea, na kwenye picha fimbo yenyewe inabaki kidoti tu, huwezi kujua kama ni ndefu. Zunguka upande. Sio ubavu kabisa, robo tatu hivi, halafu chuchumaa mpaka lenzi ilingane na ua, hapo fimbo inakatiza fremu kwa mshazari na vile vidoti vitano unavihesabu kimoja kimoja. Fokasi iweke hapo kwenye ncha. Petali zikiwa na ukungu kidogo nyuma yake haina shida, zenyewe zinakuwa bakigraundi. Na uwahi, ua la haibiskasi kwa kawaida linakaa siku moja tu, lililochanua leo asubuhi kesho unalikuta limejikunja.

Sasa chukua vinka, yale ya pinki au meupe yenye jicho katikati yanayoota mpaka kwenye nyufa za saruji. Hili ni kinyume kabisa cha haibiskasi. Ua lake ni bapa, petali tano zimetandazwa usawa mmoja, kwa hiyo ukilipiga kwa upande unapata mstari tu wa pinki. Hili linataka uso kwa uso, na simu yako iwe sambamba kabisa na ua, kama ua limeinama kidogo na wewe inamisha simu hivyo hivyo, ukifanya hivyo petali zote tano zinakuwa kali kuanzia ukingo mpaka kwenye jicho. Ukiikosea ile sambamba hata kidogo utaona petali ya juu kali, ya chini ukungu. Hii ndio siri kubwa ya picha za karibu: ukisogea karibu sana, eneo linaloonekana kali linakuwa jembamba mno, linaweza kuwa milimita chache tu, kwa hiyo lazima uamue ni kitu gani unakipa hizo milimita.

Bogenvilia nayo inawachanganya wengi. Zile rangi tunazoziita maua ni majani tu yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni vile virija vyembamba vyeupe vya katikati, kwa kawaida vinakaa vitatu vitatu. Ukipiga kichaka kizima inatoka rangi tupu imejaa fremu, jicho halina pa kutua. Tafuta kishada kimoja kilichochomoza nje ya kichaka, angalia chenye kijiua cheupe kilichofunguka, fokasi kwenye hicho kijiua. Halafu kaa upande ambao jua linatokea nyuma ya kishada, yale majani ni membamba sana, mwanga ukipita ndani yake unaona mpaka mishipa yake na rangi inawaka ajabu.

Waridi linataka juu kidogo. Uzuri wake uko kwenye ule mzunguko wa petali zinavyojiviringisha kuelekea ndani, sasa ukilipiga kwa ubavu mzunguko unaupoteza, ukilipiga moja kwa moja kutoka juu linakuwa duara bapa. Engo ya katikati hapo, unaona mzunguko na bado unaona ukingo wa petali za nje ulivyojikunja. Na mimi napenda waridi lililofunguka nusu kuliko lililochanua lote, lile la nusu bado lina kina.

Kuna na gloriosa, ile ya petali nyekundu zenye ukingo wa njano zilizojikunja kurudi juu. Ua lake linatazama chini na stameni (vile vijiti vyenye chavua nchani) zimenyooka kwenda pembeni pande zote. Ukisimama juu yake huoni kitu, ni mgongo tu. Piga magoti au lala kabisa, lipige kwa ubavu ukiwa usawa wake, hapo ndio utaona lile umbo lake lote, moto juu na stameni chini yake. Angalizo kwa wenye watoto, mmea huu una sumu kuanzia kiazi chake mpaka mbegu, usiwaache wachezee.

Baada ya ua, bakigraundi. Hii kwangu ni nusu ya picha nzima. Ukishapata engo ya ua usibonyeze, acha kuliangalia ua, zungusha macho kwenye pembe nne za fremu. Kuna nini pale? Jani lililokauka, waya wa kuanikia nguo, kipande cha anga cheupe kinachovuta macho kuliko ua? Hatua moja tu ya pembeni inabadilisha kila kitu cha nyuma wakati ua lenyewe linabaki karibu vilevile. Mimi napenda ua likiwa juani na nyuma yake kuna kivuli kizito, mfano chini ya mwembe au mlango ulio wazi wa stoo, hapo bakigraundi inakuwa nyeusi yenyewe bila kuediti. Na ua likiwa mbali na kilicho nyuma yake ndio nyuma inalainika, ua lililoegemea ukuta hata uwe na lenzi ya mamilioni ukuta utauona tu.

La mwisho ni jua letu. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, linasogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu baada ya jua kuchomoza hauzidi nusu saa hivi. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi jua lao linapanda kwa mshazari, wanakaa nao muda mrefu. Sisi ukisema utaenda bustanini baada ya chai umeshachelewa, saa mbili na nusu vivuli vimeshakuwa vikali. Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshachuchumaa. Faida nyingine ya asubuhi ni upepo, unakuwa umetulia.

Karibuni tuchangie, mwenye picha atupie na aseme alisimama wapi.

#2 Mjukuu wa Tanga

Nondo tupu hizi mkuu, tiririka. Nakaa siti ya mbele.

#3 Mama Vyungu

Asante sana mleta uzi. Mimi nina swali la mawaridi mekundu. Kila nikipiga kwa simu inatoka bonge la rangi nyekundu, petali hazionekani zinaanzia wapi zinaishia wapi, lakini kwa macho naziona vizuri tu. Ya pinki na ya njano yanatoka safi. Tatizo ni simu au mimi sijui engo?

#4 Shamba Dogo

Dada hapo engo yako inaweza kuwa sawa kabisa, shida ni mwangaza. Kamera inasoma rangi kwa mafungu matatu, nyekundu, kijani na bluu. Ua jekundu likipigwa na jua lile fungu la nyekundu linajaa mpaka juu kabla mengine hayajafika popote, na simu inaangalia wastani wa picha nzima, majani ya kijani kibichi yaliyokolea yanaifanya idhani kuna giza, inaongeza mwanga. Nyekundu ikishajaa hakuna tofauti tena kati ya petali na petali.

Fanya hivi. Gusa ua kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kitatokea kialama cha jua au kimstari, kivute chini mpaka uanze kuona mikunjo ya petali. Usiogope picha ikionekana imefifia, kuipandisha baadaye ni rahisi, lakini nyekundu iliyomwagika hairudi. Na kwa mawaridi mekundu kimbia jua kali kabisa, siku ya mawingu ndio siku yake, au simama wewe mwenyewe ulikinge jua kwa mwili wako. Ukishafanya hivyo sasa engo ya juu kidogo itaanza kukulipa maana vile vivuli vidogo kati ya petali ndio vinavyochora mzunguko.

#5 Mama Vyungu

Nimetoka nje sasa hivi nimejaribu na kawingu haka. Jamani! Petali zote nazihesabu. Mungu akubariki.

#6 Fundi Picha wa Mwenge

Uzi mzuri ila mleta uzi umeruka kitu cha msingi, kanuni ya theluthi. Washa gridi kwenye simu, ile mistari inayogawa fremu tatu tatu, weka ua pale mistari inapokatana, usiweke katikati. Mimi napiga harusi na kila picha yenye mtu katikati kama hakuna sababu inakuwa imekufa. Maua ni hivyo hivyo tu.

#7 Shamba Dogo

Mkuu sijaikataa gridi, iwashwe, inasaidia hata kuona kama umeinamisha. Lakini kwa maua naona tusiifanye sheria. Ua lenye mduara kamili, alizeti, jabera, vinka, ukiliweka katikati na ukajaza fremu mpaka petali zikatwe kidogo na ukingo, lina nguvu kuliko ukilisukuma pembeni ukaacha nafasi isiyo na kazi. Theluthi inakuja pale ua linapotazama upande. Haibiskasi niliyoisema juu, fimbo inaelekea kulia, basi ua likae kushoto na upande wa kulia kuwe na nafasi ya kutosha mbele ya ncha. Ukibana ncha kwenye ukingo wa fremu mtazamaji anaona kama ua limegonga ukuta. Kwa hiyo swali la kwanza ni lile lile, ua linatazama wapi?

#8 Fundi Picha wa Mwenge

Hapo kwenye kutazama upande tumeelewana, hata kwa binadamu ni hivyo, bibi harusi akitazama kulia unamwachia nafasi kulia. Ila kwa mtu anayeanza mimi bado nitamwambia theluthi kwanza, katikati baadaye. Anayeanza akiruhusiwa katikati hatatoka huko.

#9 Shamba Dogo

Hilo nakubali kama mwalimu wa wanaoanza, sibishi.

#10 Bint Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mie bustani yangu ni asumini tu na rihani kidogo, mamangu alipanda. Tatizo langu ni weupe. Asumini nikipiga mchana inatoka madoa meupe matupu, haina petali wala nini. Na jioni ndiyo yafunguka, wakati huo giza laingia. Watu wa vikuba (vishada vya maua ya kunukia) huchuma vikiwa vitumba alasiri, sasa mie nataka picha ya lililofunguka si kitumba. Nifanyeje?

#11 Shamba Dogo

Bint Kisauni hili swali zuri mno. Weupe ni ndugu wa nyekundu, ua dogo jeupe katikati ya majani meusi linamwagika, kwa hiyo dawa ni ile ile, punguza mwangaza. Ila ukisogea mpaka weupe ujaze fremu nzima mambo yanageuka, simu inaona mwanga mwingi inapunguza yenyewe na ua linatoka la kijivu, hapo unapandisha kidogo. Watu wanashindwa hapa kwa sababu wanatumia dawa moja kwa hali mbili.

Kuhusu jioni usiikimbie. Ule muda jua limeshazama lakini anga bado ina mwanga, kama dakika kumi na tano ishirini za mwanzo, hakuna kivuli chochote, mwanga unatoka anga nzima na petali nyeupe zinapata ule wepesi wake. Egemeza simu kwenye kitu, ukingo wa sinia, kiti, tofali, weka taima ya sekunde mbili ili usiitikise kwa kubonyeza. Engo, asumini ina kirija kirefu nyuma ya petali na watu hawakionyeshi kabisa. Tafuta kitawi chenye ua moja lililofunguka na vitumba viwili vitatu pembeni yake, kipige kwa ubavu, unapata lililofunguka, vitumba, na kirija, mtu anaona safari yote ndani ya picha moja. Bakigraundi iwe ndani ya kichaka chenyewe kwenye giza.

#12 Bint Kisauni

Shukran sana kaka. Hiyo ya vitumba pembeni sikuwa nimeifikiria kamwe. Leo magharibi nitatoka na sinia.

#13 Roshani ya Tatu

Niko Nairobi, ghorofa ya tatu, maua yangu yote yako kwa mikebe na vyungu pale balcony. Hayo ya kuchuchumaa na kuzunguka mimi sina nafasi, nyuma ni ukuta na grili, mbele ni nguo za jirani. Niko na simu ya kawaida tu haina macro (ile ya kupiga vitu kwa karibu sana). Kuna tumaini?

#14 Mjukuu wa Tanga

Wewe una faida kuliko sisi ndugu yangu, maua yako yanahamishika! Sisi tunazunguka ua, wewe unazungusha chungu. Pandisha chungu juu ya stuli mpaka kifike kifuani kwako, mgongo haukuumi.

#15 Shamba Dogo

Mjukuu kajibu vizuri. Naongezea. Nenda stesheneri nunua karatasi za manila, moja nyeusi, moja ya kijani iliyokolea au bluu ya kufifia. Iegemeze nyuma ya chungu, kama nusu mita hivi nyuma sio kuigusisha, grili na nguo za jirani zimekwisha. Manila nyeupe tumia upande wa pili wa jua, ishike karibu na ua upande wenye kivuli utaona kivuli kinafunguka, mwanga unarudi.

Kuhusu kutokuwa na macro usijilazimishe kusogea. Kamera kuu ya simu nyingi ukisogea karibu kuliko sentimita kumi hivi haishiki fokasi, halafu ukiwa karibu sana petali ya mbele inavimba na ya nyuma inakuwa ndogo, umbo la ua linaharibika. Rudi nyuma, zumu mara mbili, piga, ukropu baadaye. Utaona ua linarudi umbo lake la kweli. Na ile modi ya potreti ya kulainisha nyuma kwa programu nakushauri uiache kwa maua, inakata kingo za petali na stameni nyembamba inazifuta kabisa, angalia picha zako ukizikuza utaona.

#16 Mama Vyungu

Narudi tena, samahani kwa maswali. Mimi nina watoto wawili wadogo, hiyo saa kumi na mbili na nusu ndio muda wa uji na sare za shule. Bustani yenyewe ni hatua nne kwa tano. Nawaona wenzangu wanaenda Kitulo kupiga yale maua ya porini nabaki natamani tu.

#17 Shamba Dogo

Dada usiombe samahani. Kitulo ni kuzuri, ile nyanda ya juu watu wanaiita Bustani ya Mungu na okidi zake kipindi cha mvua ni kitu cha kumshukuru Muumba, siku ukipata nafasi nenda. Ila nikupe habari ya mtu mmoja. Imogen Cunningham, mpiga picha wa Marekani, miaka ya 1920 alikuwa California na watoto watatu wadogo, wawili wao pacha, hawezi kwenda popote. Akawa anapiga mimea ya bustanini kwake wakati anawaangalia. Ile picha yake ya ua la magnolia ya mwaka 1925 alisogea mpaka ua limejaa fremu yote, petali zimekatwa na kingo, katikati ile koni ya stameni unaiona kipande kwa kipande. Ni miongoni mwa picha za maua zinazojulikana sana duniani mpaka leo na imetoka nyumbani kwa mama mwenye watoto.

Na angalia kitu kingine, picha ile haina rangi. Nyeusi na nyeupe tu. Ua lote limebebwa na umbo na mwanga. Kwa hiyo nakupa zoezi, weka simu yako kwenye filta ya nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga. Rangi ya ua inatudanganya sana, tunaona pinki nzuri tunabonyeza, kumbe mpangilio hakuna. Ukiondoa rangi ukabaki na fujo ya kijivu ujue engo bado, zunguka tena. Umbo likisimama lenyewe bila rangi, rudisha rangi upige. Kuhusu muda, mchana wa jua kali tafuta ua lililo upande wa nyumba wenye kivuli, mwanga wa pale ni laini saa yoyote hata saa saba.

#18 Mzawa wa Muheza

Mmenigusa na habari za nyanda. Sisi huku Usambara Mashariki tuna ua letu ambalo dunia nzima wanaliotesha madirishani na wenyewe hatulijui. Lile la zambarau dogo lenye majani ya manyoya, Wazungu wanaliita violeti ya Afrika. Mjerumani Walter von Saint Paul alilipeleka Ujerumani enzi za ukoloni, likaandikwa rasmi kisayansi mwaka 1893 likapewa jina lake, Saintpaulia. Msituni linaota kwenye miamba yenye unyevu penye kivuli. Bi mkubwa anayo kwenye kopo barazani. Hili mnalipigaje wataalamu?

#19 Shamba Dogo

Mzawa umenifurahisha sana, hili ni la kwetu na inauma tunaliuziwa maduka ya maua kama mgeni.

Lile linakaa chini, majani yametanda duara na maua yanasimama katikati kwa vikonyo vifupi. Engo mbili zinalifaa. Ya kwanza juu kabisa, simu sambamba na meza, duara la majani linakuwa fremu ya maua. Hapo katikati inakubalika hata Fundi Picha atanielewa. Ya pili ni nyuzi arobaini na tano hivi, chagua ua moja la mbele, ukilichungulia kati utaona vifuko viwili vya chavua vya njano vimekaa pamoja, fokasi hapo na si kwenye petali. Njano ile dhidi ya zambarau ndio picha yenyewe. Mwanga wa baraza unatosha, usiliweke juani hata kwa ajili ya picha, majani yake yanaungua. Na tafadhali usilipige flashi, yale manyoya ya majani yanaonekana tu mwanga ukipita kwa ubavu.

#20 Mlimaji Singida

Mimi alizeti. Nimepanda mistari miwili mbele ya nyumba kwa ajili ya kupendeza tu mbali na shamba. Watu wanasema alizeti linafuata jua mbona yangu yametazama upande mmoja siku nzima? Nikitaka kupiga jioni yananipa mgongo.

#21 Shamba Dogo

Yanayofuata jua ni machanga, kitumba bado kinakua. Likishakomaa na kuchanua shingo inakakamaa na linabaki linatazama mashariki. Sasa hilo kwa mpiga picha ni zawadi maana unajua kabla ya kutoka nje mwanga utakuwaje. Asubuhi jua linampiga usoni, hapo piga ile ya kujaza fremu, zile mbegu changa zimepangika kwa mizunguko miwili inayopishana, ukihesabu mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Weka katikati kabisa uone mizunguko inavyovuta macho ndani.

Jioni usilalamike kuwa linakupa mgongo. Ukisimama mashariki ukitazama uso wake, jua linakuwa nyuma yake na petali zinawaka ukingo wote. Uso utakuwa gizani kidogo, funga mwangaza kwenye petali uache uso uwe mweusi. Au baki huohuo upande wa mgongo, vile vijani vya kijani vilivyopangana nyuma ya kichwa na shina lenye manyoya lililopinda shingo, watu hawavipigi kabisa na ni vizuri sana. Inama chini lenzi itazame juu, bakigraundi ibaki anga tupu la Singida.

#22 Roshani ya Tatu

Sasa wacha niulize ya maji. Naona watu wananyunyiza maji na spray ndio ikae kama umande. Si ni kudanganya?

#23 Mjukuu wa Tanga

Ua linamwagiliwa kila siku ndugu yangu, maji ni maji.

#24 Shamba Dogo

Mimi sioni ubaya, kwani hujaweka ua la plastiki. Kinachoharibu ni kunyunyiza mpaka ua limelowa chapachapa, petali zinashikana. Tumia chupa ya ukungu mwembamba kabisa, mbali kidogo, kisha subiri matone yajikusanye yenyewe.

Na ukishakuwa na matone usiyapige kama mapambo tu. Tone la maji ni lenzi. Ukiweka ua sentimita chache nyuma ya tone lililoning'inia kwenye ncha ya jani, ndani ya tone utaona ua zima limepinduliwa juu chini. Hapo fokasi inaenda kwenye ile picha ndogo iliyo ndani ya tone, sio kwenye ukingo wa tone, na engo ni ya kusogea milimita kwa milimita kushoto na kulia mpaka ua likae katikati ya tone. Inahitaji subira na asubuhi isiyo na upepo kabisa. Wa pwani wakati wa kusi mnajua wenyewe, wahini mapema, au shika kikonyo kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti pembeni ya fremu, shina linatulia.

#25 Mzawa wa Muheza

Mimi nina kamera ya mdogo wangu, ina lenzi ya 50mm. Nikifungua tundu la lenzi mpaka f/1.8 nyuma inalainika vizuri lakini ua nalo linapotea, nukta moja tu ndio kali. Na haikubali kusogea karibu.

#26 Fundi Picha wa Mwenge

Hilo naomba nilijibu mimi. Funga lenzi mpaka f/5.6 au f/8, kwa umbali huo mdogo nyuma itaendelea kulainika tu kama ua liko mbali na kilicho nyuma yake, alivyosema mleta uzi. Ukiona spidi inashuka chini ya 1/200 ya sekunde na kuna upepo pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), chenga kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko ua lililotikisika. Kuhusu kusogea, lenzi hizo nyingi zinaishia sentimita 35 mpaka 45 hivi. Tafuta zile ringi tupu zinazokaa kati ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani, bei yake ni ndogo ukilinganisha na lenzi ya macro, zinakufikisha karibu. Hakikisha tu unachukua zenye vidoti vya umeme ili f uweze kuibadilisha.

#27 Shamba Dogo

Umemaliza mkuu. Mzawa, ukizipata anza na lile la bi mkubwa la barazani, f/8, tripodi au rundo la vitabu, fokasi kwa mkono kwenye vile vifuko viwili vya njano. Halafu tupia hapa, na useme mwanga ulitoka upande gani.